Kikokotoo Kilichofunguka Chenyewe

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kiganja kikiniwasha kwa kofi nililompiga mfanyakazi mwenzangu mbele ya watu. Leo naanzia hapohapo, maana lile kofi nililipeleka kwenye shavu lisilo lake.

Kwa asiyekuwepo, kwa ufupi. Mimi ni mjaribu programu. Nalipwa kuharibu. Kampuni ikitengeneza programu, mimi naibonyeza vibaya, nailisha upuuzi, naisumbua mpaka ichoke, kabla mteja hajaja kuisumbua yeye. Ofisini wananiita Bomoa. Nililipenda jina hilo mpaka lilipotaka kunipeleka jela.

Programu yetu kubwa inaitwa Dirisha. Inakaa kwenye seva ya mteja, na mtu aliye mbali anaitumia kufungua kompyuta ya kazini kwake na kuiendesha kana kwamba ameikalia. Hospitali moja kubwa wanaitegemea: daktari wa eksirei yuko nyumbani, anaifungua kompyuta ya hospitali, anasoma picha, anaandika majibu, anarudi kwenye kochi lake.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba Dirisha lina tundu. Kisha mtu akapita kwenye tundu hilohilo akaingia hospitali. Seva ikafa, picha za wagonjwa zikapotea, na mama mmoja aliyekwisha kulazwa kwenye kitanda cha upasuaji akarudishwa wodini kwa sababu daktari hakujua tena akate wapi. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini Mkurugenzi wetu alitaka kichwa, na kichwa kilichokuwa karibu ni changu.

"Umekiri mwenyewe kwamba uliligundua, hukuandika popote, hukumwambia mtu," aliniambia. "Halafu limetumika. Ungekuwa mimi, bibie, ungefikiri nini?"

Mtu nilimwambia. Nilimwambia mkuu wa waandishi wa programu, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Ila Dada aliniomba nifunge mdomo mpaka atakapolisema mwenyewe kwa wakati wake, na Dada akiniambia nyamaza, mimi hunyamaza. Ndivyo alivyonilea. Mama alipotutoka nilikuwa hata viatu sijui kufunga, na Dada ndiye aliyenifunga viatu, akanisuka, akanipeleka shule. Katika simu yake ameniandika "Kifungua Mimba", ingawa sikutoka tumboni mwake.

Kikao cha kuamua niende wapi kiliitwa mchana wa siku ileile ya kofi. Ama nitoke humo na kazi yangu, ama nitoke na polisi.

*

Niliyempiga kofi ni fundi wetu wa mtandao. Tulimbatiza Kebo kwa sababu mfukoni hakosi kipande cha waya. Alinifuata kwenye jiko la ofisi, kile kijumba kidogo cha kuchemshia chai, barafu ameifunga kwenye kitambaa na kuikandamiza shavuni.

"Bomoa, nimekuja bila silaha," akasema akiwa bado mlangoni.

"Kebo, nisamehe. Nilikukuta kwenye kiti changu, unafungua kompyuta yangu, nikadhani ni wewe uliyeniponza."

"Nilikuwa natafuta chaja yangu uliyoniibia."

"Sikuiba. Niliazima."

"Bila kuniambia."

"Ndiyo kuazima kwenyewe huko."

Jamani, tulicheka. Mtu anakaribia kufungwa na bado anacheka, sijui binadamu tumeumbwaje. Kisha Kebo akaacha kucheka, akafunga mlango kwa kisigino.

"Nina kitu cha kukuonyesha. Nesi mmoja pale hospitali alirekodi kwa simu. Alidhani kompyuta imepandwa na mashetani."

Akanipa simu yake. Kwenye picha niliona chumba cha eksirei, meza, kompyuta, hakuna aliyeigusa. Sauti ya nesi inasema, "Njooni muone, njooni muone." Kwenye skrini, katikati kabisa, kimefunguka kikokotoo. Kile cha kawaida cha kujumlisha na kutoa, kimekaa kimya na sifuri yake. Mara skrini nzima ikawa nyeusi.

"Mwizi gani anavunja nyumba ya watu aje kupiga hesabu?" Kebo akauliza.

Alikuwa anatania, anajua kama ninavyojua. Katika kazi yetu hii ni desturi ya dunia nzima. Ukigundua tundu kwenye programu na unataka kumthibitishia mwenzako bila kuharibu kitu, unaliambia lifungue kikokotoo. Maana yake: nimeweza kufungua hiki, basi ningeweza kufungua chochote.

"Kwa hiyo huyu hakwenda kuiba," Kebo akaendelea. "Alikwenda kutia watu hofu tu. Ila seva ya hospitali ni kuukuu, ikamfia mikononi."

Mimi sikuwa namsikia vizuri. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo ya kufanyia usafi.

"Bomoa? Vipi?"

"Kebo, kikokotoo kupitia tundu lile mimi nimekifungua mara moja tu maishani mwangu."

"Wapi?"

"Si hapa ofisini."

"Aliyekuona nani?"

Nikamrudishia simu yake. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na sikulitaka litoke.

*

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa Dada. Yeye alikuwa anapiga pasi sare za shule za wanawe, mimi nimeketi kwenye meza ya kulia na laptopu yake. Nilimwambia, "Dada, acha hiyo kola, njoo uone jinsi Dirisha lako linavyotapika."

Akaja na pasi mkononi.

Nikamwonyesha pale mtu anapoandika jina lake kabla hajaingia. Programu humtengea hilo jina nafasi ndogo katika kumbukumbu ya kompyuta, na aliyeandika programu hakujisumbua kuuliza: je, jina likizidi nafasi? Ni sawa na kummiminia mtu ndoo ya maji kwenye kikombe cha chai. Maji hayatabaki kikombeni, yatamwagikia kilicho jirani. Na jirani wa kikombe kile, kwa bahati mbaya, ni maelekezo ya kompyuta yenyewe, yanayoiambia ikitoka hapa iende wapi. Ukimwaga kwa ustadi, unafuta maelekezo yake na kuweka yako. Inakutii wewe, na bado hata neno la siri haijakuuliza.

"Na unajazia nini?" Dada akauliza.

Hapo ndipo utani wangu ulipoingia. Kile kijazio, yale maneno ya kufurisha kikombe mpaka kifurike, yanaweza kuwa upuuzi wowote. Ofisini hujazia jina langu, bomoabomoabomoa. Lakini siku ile nilikuwa kwa Dada, tumeshiba, tuna raha, nikajazia jina lake. Si la ofisini wala la shuleni. Lile alilopewa na Mama.

Mwikomoto.

Alilipata hivi. Tukiwa wadogo kulikuwa na kijana wa nyumba ya pili aliyekuwa akinivuta nywele kila nikipita. Siku moja Dada alikuwa anapika, akasikia nikilia, akatoka mbio na mwiko uliotoka chunguni unafuka moshi, akamkimbiza yule kijana mpaka barabarani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa Mwikomoto, na waliolijua jina hilo tulikuwa watatu tu. Mama alipoondoka tukabaki wawili.

Nikabonyeza. Mwikomotomwikomotomwikomoto ikamiminika, ikafurika, na kikokotoo kikafunguka katikati ya skrini.

Dada alicheka machozi yakamtoka. "We mtoto! Mama angekusikia!"

Kisha akatulia. Akakitazama kile kikokotoo kwa muda, mpaka nikamkumbusha pasi inaungua.

"Dirisha hili," akasema, "namwambia Mkurugenzi kila siku tulitupe, tuwape wateja programu mpya ninayoiandika mimi na wenzangu. Hasikii. Eti Dirisha halijawahi kutuaibisha. Likipata aibu moja tu, moja tu, atanisikiliza."

"Basi mpelekee aibu hii."

"Niachie. Usiandike popote, usimwambie mtu. Nitampelekea mwenyewe kwa wakati wake. Na hako kaprogramu kako kaache humuhumu kwenye laptopu yangu, nikarudie nikiwa nimetulia."

Nikakaacha.

"Na hilo jina," akauliza tena, amekwisha kurudi kwenye pasi, amenipa mgongo, "linabaki mahali popote?"

"Halibaki," nikamjibu kwa kujiamini, mjinga mimi. "Likishamwagika limekwenda."

*

Nilimkuta Dada chooni, kile choo cha wanawake chenye kioo kirefu, amesimama mbele ya sinki anaminyaminya simu yake. Alipoiona sura yangu kwenye kioo akaitia simu mkobani.

"Mbona umekuja kama umefukuzwa na nyuki?"

"Dada, hospitali kilifunguka kikokotoo."

"Nani kakwambia?"

"Nimekiona kwa macho yangu. Ni kile chetu. Kile cha Jumapili."

Akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Vikokotoo vinafunguliwa na kila mtu, wewe mwenyewe unajua."

"Tundu lile halijulikani na kila mtu. Tunalijua mimi na wewe. Kaprogramu kamo kwenye laptopu yako." Nikavuta pumzi. "Dada, ni wewe?"

Alifunga bomba. Aligeuka, na macho yalikuwa yamejaa.

"Mimi nimekufunga viatu," akasema. "Mimi nimelala njaa wewe ukashiba. Leo unaniuliza hivyo, tena chooni?"

Wapendwa wasomaji, niliona aibu. Niliona aibu kama niliyemtukana mama mzazi. Nikaanza kubabaika, oh nisamehe, oh nimechanganyikiwa, oh nani mwingine basi.

"Laptopu yangu ilikaa kwa fundi siku mbili, kioo kilipasuka," akasema huku akijifuta. "Huko ndiko walikokachukua. Hilo niachie mimi. Sasa nisikilize. Kikaoni usiseme neno. Nitasimama mimi kwanza. Nitasema uliniambia mapema, nikachelewa mimi kulifikisha. Kosa la kuchelewa nitalibeba, wewe utatoka safi."

"Si utaharibu kazi yako?"

"Kazi ni nini, mdogo wangu? Nina kazi nyingine kuliko wewe?"

Nikamkumbatia palepale. Nililia kwenye bega la koti lake jipya, akanipigapiga mgongo kama zamani. Siku ile Dada alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikashukuru kwamba nimeng'aa.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu ya kioo na viti vinavyozunguka. Mkurugenzi alikaa mwisho wa meza. Kebo alikuwepo kwa ajili ya maswali ya kitaalamu, shavu moja limevimba. Dada alikaa kulia kwa Mkurugenzi, mimi nikakaa mbele ya Dada, tukitazamana. Upande wa pili alikuwepo mpelelezi aliyeletwa na hospitali, mama wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi.

"Simu zote mezani," akasema kabla hata ya salamu. "Zitazame juu. Sitaki mtu amwandikie mwenzake jibu."

Tukaziweka. Yangu mbele yangu, ya Dada mbele yake.

Mkurugenzi akakohoa. "Tusizunguke. Huyu binti alipaswa kuliripoti tundu hili kwa mkuu wake. Mkuu wake ni wewe. Alikuambia?"

Nikamtazama Dada. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumhurumia kwa lile la kuchelewa atakalolibeba. Hata tabasamu nilimwekea tayari.

"Hapana," akasema Dada. "Hakuniambia."

Nilidhani sijasikia.

"Nasikitika kusema hivi, maana ni damu yangu," akaendelea, sauti laini, mikono ameikunja mezani. "Namjua. Ni mtu wa utani, anapenda kuonyesha kwamba anaweza. Siamini kama alikusudia ubaya. Naomba asifungwe. Aonywe, aachishwe kazi, basi, nitamchukua nyumbani nimtunze."

Mnaona? Alinitetea! Alinitetea kwa huruma zote, na kila neno la kunitetea lilikuwa linanifunga pingu. Laiti angenitukana ningeumia kidogo.

"Dada," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema. "Usijiharibie zaidi."

Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote, nikanyamaza.

Kebo aliinua kichwa, akanitazama, akamtazama Dada, akafungua mdomo. Mkurugenzi akamnyooshea kidole. "Wewe utaulizwa." Akaufunga.

Mama wa miwani hakuwa ameandika kitu. Alikuwa anamtazama Dada tu, kwa utulivu wa mtu anayesubiri maji yachemke.

"Nina jambo dogo," akasema. "Aliyeingia alitegemea seva ingeendelea kufanya kazi kama kawaida. Ingeendelea, kusingebaki kitu. Lakini hii ni kuukuu, ilimeza zaidi ya uwezo wake ikafa ghafla. Na seva ikifa ghafla huacha picha ya mwisho ya kumbukumbu yake. Kila kilichokuwemo sekunde ile kimeganda kama kilivyo. Tumeifungua. Ilikufa na jina mdomoni."

Niliona kidole cha Dada, kile cha pete, kikiruka kidogo juu ya kioo. Kikatulia.

"Jina gani?" Mkurugenzi akauliza. "Bomoa, bila shaka. Ofisi nzima inajua huyu hujazia Bomoa."

"Hapana. Na hilo ndilo lililonishangaza." Mama wa miwani alisoma polepole, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni. "Mwikomoto. Limerudiwarudiwa. Mwikomoto, Mwikomoto, mpaka mwisho."

Mkurugenzi akakunja uso.

Sijui niwaambieje. Nilikuwa sijalisikia jina lile likitamkwa na mtu mwingine tangu Mama. Lilitoka kwenye kinywa cha mgeni, katikati ya meza ya kioo, nami nikausikia moshi wa mwiko ule, nikasikia kicheko cha Mama. Kama Dada alikuwa na kaprogramu kale, kama ni yeye mwenyewe aliyekatuma hospitali ili Dirisha lipate ile aibu moja aliyoitaka, alikiacha kijazio changu kama nilivyokiandika. Alikiacha kwa sababu mimi nilimwambia halibaki. Aliniamini mimi kwa hilo tu.

Na laptopu haikuwa na kioo kilichopasuka. Jumapili iliyofuata niliitumia tena palepale mezani, kioo kizima, kilekile chenye mkwaruzo wake wa zamani. Nilikumbuka hilo sasa, nimeshakaa kwenye kiti cha mshtakiwa.

"Kuna mtu anayelijua neno hili?" mpelelezi akauliza.

Kebo akatikisa kichwa. Mkurugenzi akatikisa kichwa. Mama wa miwani akamgeukia Dada.

"Wewe, mama?"

Nilimwomba kwa macho. Kila kitu kingine ningemsamehe. Kazi ningemwachia. Hata jela, naapa, kama angeniita pembeni akaniambia mdogo wangu nimekosea, nina watoto, nibebee, ningembebea. Nisingeuliza mara mbili. Lakini lile jina lilikuwa la Mama. Dada alilipata kwa ajili yangu, kwa nywele zangu, kwa kilio changu. Nilisema moyoni: Dada, useme lolote, ila hilo usilikane.

Akalifikiria kidogo, uso umekunjamana kama mtu anayejitahidi kukumbuka.

"Silijui," akasema. "Ndiyo kwanza nalisikia leo."

Kitu kilikatika ndani yangu. Sikulia. Machozi yote nilikuwa nimekwisha kuyamaliza kwenye koti lake.

"Na wewe, binti?" mpelelezi akaniuliza.

"Naomba nitumie simu yangu," nikasema. "Mara moja tu."

Mkurugenzi akacheka kwa pua. "Unampigia nani, mwanasheria?"

"Nampigia Mwikomoto."

Mama wa miwani alivua miwani yake. "Piga," akasema.

Nikabonyeza. Sikuiinua simu. Niliisukuma katikati ya meza ili kila mtu aone kilichoandikwa kwenye skrini. Mwikomoto. Inaita.

Na upande wa pili wa kioo, simu ya Dada ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka ikizunguka yenyewe juu ya meza, na hakuna aliyeigusa.

Kebo alisema, "Ebo!" kwa sauti kubwa, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Nilihisi nimeshinda. Nakiri, kwa sekunde moja nilihisi hivyo. Nikainama niitazame skrini ya Dada, nilione jina langu, Kifungua Mimba, lile aliloniandika tangu simu yake ya kwanza, ambalo kila akinunua simu mpya ndilo la kwanza kuliandika.

Halikuwepo.

Palikuwa na namba tupu. Namba yangu, haina jina mbele wala nyuma, kama ya mtu aliyekosea kupiga.

Nikamkumbuka chooni, mbele ya sinki, anaminyaminya simu. Nilipokuwa nalia begani kwake, alikuwa amekwisha kunifuta.

"Haya," Mkurugenzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata alichokitafuta. "Mmejionea. Neno limo kwenye simu yake mwenyewe. Amemwandika dada yake jina analolitaka, hata mimi naweza kukuandika Malkia. Mwenye neno ni yeye. Tunataka ushahidi gani tena?"

"Si langu!" nikasema. "Ni lake! Alipewa na mama yetu, muulizeni, alimkimbiza kijana wa watu na mwiko wa moto..."

Nilijisikia nikiongea. Kijana, mwiko, nywele. Hata mimi nisingejiamini.

Simu bado zinaita. Mama wa miwani hakumjibu Mkurugenzi. Aliitazama skrini yangu yenye jina, kisha akasogeza kiti chake, akaitazama kwa muda mrefu skrini ya Dada yenye namba tupu. Kisha akamtazama Dada usoni.

"Inaita, mama," akamwambia. "Pokea."

Dada aliichukua simu.  Akaiweka sikioni, akanitazama moja kwa moja machoni, mimi niliyekaa mbele yake kwa urefu wa mkono mmoja, na sauti yake ikanifikia mara mbili, mara kutoka kinywani mwake na mara kutoka kwenye simu yangu pale mezani.

"Halo," akasema. "Nani mwenzangu?"